*TAMKO LA TAWI KUHUSU MAJI: DODOMA IKIPENDEKEZA, NANI HUKU ANAJIBU KWA NIABA YETU?*

  

Kamati ya tawi ilikaa Jumapili na kuniagiza niandike tamko hili kabla ya Wiki ya Maji. Ni refu. Ukiona bando linakusumbua, lisome kwa mafungu, lakini ulimalize.

Wiki ya Maji huanza tarehe 16 Machi na kilele chake ni tarehe 22. Yatakayofuata tunayajua: maturubai, fulana, ngoma, mgeni rasmi kufungua koki, maji kuruka, picha. Kisha ofisa atashika kipaza sauti na kusema, "Sera ya serikali ni kumtua mama ndoo kichwani." Watu watapiga makofi, na tarehe 23 ndoo itarudi kichwani.

Ugomvi wetu leo hauko na koki. Uko na watu wanaosimama katikati: maofisa wa maji wa mkoa na wilaya zetu. Sera ikishuka kutoka Dodoma wanaipokea kwa mikono miwili na kutusomea. Swali letu likitakiwa kupanda kwenda Dodoma, mikono hiyo hiyo haionekani. Bomba lao linapitisha maji upande mmoja tu.

*Danadana tuliyopigwa*

Mwezi Januari tawi lilipeleka barua kwenye ofisi moja ya maji, na jina lake nalihifadhi. Tuliomba mambo mawili tu: fedha iliyopangwa kwa vijiji vyetu mwaka huu na fedha iliyofika. Tulijibiwa kwa mdomo, si kwa maandishi, kwamba hayo ni mambo ya sera, tuulize wizarani. Tukapiga simu juu. Huko tukaambiwa hayo ni mambo ya utekelezaji, turudi wilayani. Tulipowaeleza kwamba wilayani ndiko tulikotoka, simu ikakatika. Labda ni mtandao.

Mimi ni mtu wa mahesabu. Nilichosoma chuoni ni kwamba fedha iliyotoka mahali lazima ionekane imeingia mahali pengine. Ukikuta upande mmoja tu wa leja umejazwa, huo bado si uhasibu, ni hadithi. Uwajibikaji hauna tofauti: kama wilaya inasema ni wizara na wizara inasema ni wilaya, kuna mtu hajaandikwa kwenye kitabu.

*Tulifikaje hapa*

Vijana wengi hawajui kwamba sera ya maji ya nchi hii imegeuka mara kadhaa, na kila ilipogeuka mwananchi wa huku aliarifiwa baada ya kugeuka. Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20: ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake, na maji yawe bure. Wafini wakaja Mtwara na Lindi katika miaka hiyo ya 70 na wakakaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 90. Wazee wanazikumbuka pampu za mkono za Nira. Vipo vijiji ambavyo hadi leo kitu kinachoitwa "bomba" ni nguzo ya pampu ya Mfini iliyobaki inasimamia nguo za kuanika.

Mwaka 1991 ulipofika hatukupewa mita 400. Tulipewa sera mpya, kwamba mwananchi achangie. Mwaka 2002 ikaja Sera ya Maji nyingine: kijiji kifungue akaunti ya mfuko wa maji, kilipie uendeshaji na matengenezo yote. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5, iliyounda RUWASA na kuwaweka watumia maji wa vijijini kwenye vyombo vya jamii. Sasa tumeambiwa ile sera ya 2002 ina toleo la 2025. Tumeuliza katika mashina yote ya tawi letu ni nani aliitwa popote kutoa maoni kabla ya toleo hilo. Hatujampata. Kama yupo, ajitokeze, tutafurahi kusoma alichosema.

Hiyo sheria ya 2019 nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ndipo mzizi ulipo. Kabla yake mhandisi wa maji wa wilaya alikuwa mtu wa halmashauri. Diwani wako alimwita kwenye Baraza la Madiwani, akamsimamisha, akamuuliza pampu ya Kitaya imekufa lini na kwa nini. Tangu Julai 2019 wataalamu hao ni watu wa RUWASA. Meneja wa wilaya anawajibika kwa meneja wa mkoa, na huyo anawajibika kwa Mkurugenzi Mkuu aliyeko Dodoma. Diwani akimwita, anakuja kama mgeni mwalikwa. Akija, tunashukuru. Asipokuja, hakuna wa kumkata mshahara.

Nitasema haki. Utaratibu wa zamani ulikuwa na uozo wake, na waliotaka kuubadilisha hawakuwa wendawazimu. Kuna miradi ya halmashauri iliyozinduliwa asubuhi na kukauka jioni. Kuna visima vilivyochimbwa kwenye karatasi. Wahandisi walikuwa wachache, na fedha ya maji ikiingia halmashauri ilikuwa ikigongana na mambo mengine yote. Hatudai turudi huko. Tunachosema ni kwamba walipomwondoa mhandisi mikononi mwa diwani walimwokoa na siasa za halmashauri, lakini wakamwondolea pia mtu pekee wa karibu aliyekuwa na haki ya kumuuliza. Pengo hilo halijazibwa na toleo lolote la sera.

Mjini kuna nafuu kidogo. MTUWASA ikitaka kupandisha bei inapeleka maombi EWURA, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi, mwananchi akasimama na kupinga. Baraza la ushauri la watumiaji nalo lina nafasi yake ya kusema. Nafasi hizo tumezitumia vibaya, kwa maana watu hawaendi, na wanaokwenda wanaondoka baada ya soda. Lakini angalau mlango upo. Vijijini bei ya chombo cha watumia maji haipiti EWURA.

*Hesabu ya shilingi 50*

Tangu mwaka wa fedha 2015/16, kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini imekatwa shilingi 50 kwenda Mfuko wa Maji wa Taifa. Hata petroli ya chupa unayonunua barabarani Ziwani au Msimbati ina hiyo 50 ndani, maana tozo iliingia zamani kabla mafuta hayajafika kwenye chupa.

Chukua kijana wa bodaboda. Anatumia lita 3 kwa siku, anafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Hizo ni shilingi 45,000 ametoa kwa ajili ya maji. Sasa chukua mvuvi wa boti ya mashine pale Msimbati. Akitumia lita 40 kwa safari, amechangia shilingi 2,000 kabla hajatupa nyavu. Safari 20 kwa mwezi, kwa miezi 9 (ile ya kusi kali tumwache apumzike), jumla ni shilingi 360,000 kwa boti moja. Boti kumi ni shilingi 3,600,000. Na mvuvi huyo akirudi pwani mke wake anachota kisima ambacho chai yake huhitaji sukari mara mbili ili kuficha chumvi.

Msinielewe vibaya. Tozo hiyo ina faida na kuna miradi ya kweli iliyojengwa kwayo nchini. Kamati ya Bunge imependekeza zaidi ya mara moja iongezwe hadi shilingi 100 kwa lita, na hoja yao ina uzito: tozo ni fedha ya ndani, haina masharti ya mkopeshaji. Msimamo wa tawi ni kwamba tutalijadili pendekezo hilo siku tutakapowekewa mezani hesabu ya zile 50 za kwanza kwa mkoa wetu. Ikiwa 100 kabla ya hapo, yule mvuvi atalipa 720,000 kwa mwaka na chai itabaki na chumvi yake.

Hapo ndipo nawauliza maofisa wetu: pendekezo kama hilo linapozungumzwa Dodoma, ninyi mnaokaa na watu hawa mnaandika nini? Mnaandika kwamba pwani yote kuanzia Madimba hadi maingilio ya Ruvuma wanatozwa na hawajaona? Au mnaandika "tunaunga mkono"?

Sisi tuliozoea karatasi za makato ya korosho hatuogopi makato. Tunaogopa makato yasiyo na maelezo.

*Gesi ilipita, maji hayajapita*

Hili sitalizunguka. Mradi wa kuleta maji ya Mto Ruvuma hadi Manispaa ya Mtwara Mikindani umesomwa kwenye hotuba za bajeti za Wizara ya Maji tangu katikati ya miaka ya 2010. Ulikuwa ujengwe kwa mkopo kutoka China. Tuliambiwa mazungumzo yanaendelea. Watoto waliozaliwa mwaka ule wa kwanza sasa wako darasa la nne na la tano, na mji bado unategemea visima, vikiwemo vile vya Mtawanya.

Katika miaka hiyo hiyo, kwa mkopo kutoka nchi hiyo hiyo ya China, bomba la gesi lilichimbiwa kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, likavuka mito na misitu, na Oktoba 2015 likazinduliwa. Kutoka mjini Mtwara hadi kivuko cha Kilambo, kijana wa bodaboda anakwenda na kurudi kabla ya adhuhuri. Gesi imepewa kilomita mia tano, maji yamekosa safari ya asubuhi moja.

Yaliyotokea Januari na Mei 2013 kila mtu wa hapa anayakumbuka, na tawi halimwiti mtu yeyote barabarani. Tunataka jibu la maandishi: mradi wa Ruvuma umefutwa, umeahirishwa, au umemezwa na hii Gridi ya Taifa ya Maji inayozungumzwa sasa? Wazo la gridi, la kuvuta maji kutoka maziwa na mito mikubwa na kuyaunganisha nchi nzima, si baya kulisikia. Hofu yetu ni kwamba ahadi ndogo iliyoshindikana hufunikwa na ahadi kubwa zaidi, na ofisa anapata jibu jipya la kutoa: "Subirini gridi."

Na kama umefutwa kwa sababu za kitaalamu, tuambiwe. Ruvuma si mto wetu peke yetu, ng'ambo ni Msumbiji, na kuchota maji mengi kunahitaji makubaliano. Mto wenyewe unahama, unajaa mchanga, na karibu na bahari maji ya chumvi hupanda na bamvua. Hizo ni sababu ambazo mwananchi wa Kilambo anaweza kuzielewa vizuri kuliko mtaalamu yeyote, kwa kuwa anaishi nazo. Asichokielewa ni kunyamaziwa miaka kumi.

Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina makao yake hapa hapa Mtwara. Ni moja ya mabonde tisa ya nchi. Kazi yake ni kujua nani anachota nini, wapi, na kwa kibali gani. Kama kuna ofisi ingeweza kuiandikia Wizara kwamba visima vya pwani vinaingiwa na chumvi kadiri tunavyovivuta, kwamba kina mama wa Kivava na Mahurunga wakikosa bomba wanachota mtoni kwenye mamba na viboko, kwamba tangu Kitaya ishambuliwe Oktoba 2020 kwenda mtoni alfajiri ni jambo la hofu nyingine kabisa, ni hiyo. Hatusemi haijaandika. Kama imeandika, hakuna sababu ya barua hiyo kubaki kabatini.

Wenzetu wana mfano. Mto Colorado kule Marekani unagawanywa na majimbo saba. Serikali kuu ilipotaka matumizi ya maji yapunguzwe, mwaka 2023 majimbo sita yalipeleka pendekezo lao na California ikapeleka la kwake. Maofisa wa maji wa majimbo waliibishia serikali kuu hadharani, kwa maandishi na kwa tarakimu, na mkulima yeyote aliweza kuyasoma. Sisi si shirikisho na hatuombi kuwa shirikisho. Lakini ofisa wa serikali moja pia ana kalamu, na hakuna sheria inayomkataza kusema "pendekezo hili kwa huku halifai, kwa sababu hizi."

*Tandahimba, Newala na Nanyamba*

Wenzetu wa uwandani nao wana la kwao. Mikataba ya miradi ya maji ya miji 28 ilisainiwa Juni 2022, kwa mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Exim ya India, na Makonde ni mmojawapo. Tunautakia mradi huo heri. Lakini wanachama wa uwandani wajiandae kuuliza swali la mhasibu: baada ya kujengwa, nani atalipa umeme? Maji ya Makonde yanasukumwa kutoka bonde la Mitema kupanda juu, na tangu zama za mkoloni mpandisho huo ndio uliomshinda kila mwendeshaji. Mkopo unalipwa na Mtanzania yeyote, hata wa Bukoba. Ankara ya umeme italipwa na mtu wa Newala ndani ya bei ya uniti. Hesabu hiyo ifanywe wazi kabla ya kukata utepe.

Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Ukiuziwa dumu kwa shilingi 300 na kijana wa mkokoteni, umenunua uniti kwa 15,000. Maskini ndiye anayenunua maji kwa bei ya juu kuliko wote katika nchi hii. Anayemwambia kwamba hana utamaduni wa kulipia maji hajawahi kusimama kwenye foleni ya madumu.

*Msimamo wa tawi*

Ilani iliyoongoza serikali 2020 hadi 2025 ilisema maji yafikie asilimia 85 vijijini na 95 mijini. Mwaka 2025 umepita. Tunataka asilimia ya kila kata, si ya taifa, kwa sababu hakuna mtu anayekunywa wastani wa taifa. Na ihesabiwe koki inayotoa maji, si koki iliyojengwa.

Tunataka mameneja wa RUWASA wa wilaya na uongozi wa MTUWASA walete kila robo mwaka, mbele ya Baraza la Madiwani na kwenye mbao za matangazo za kata, karatasi moja yenye safu tatu: fedha iliyopangwa, iliyopokelewa, iliyotumika. Mimi ninaweza kuiandaa kwa nusu saa, na wao wana wahasibu wenye elimu kubwa kuliko yangu.

Tunataka Bodi ya Bonde ifanye mikutano kwenye vijiji vya maingilio ya Ruvuma, siyo ukumbini mjini, kabla ya kupeleka maoni yoyote kwa jina letu. Na wabunge wa mkoa huu, wa chama chochote, waulize Bunge la Bajeti likianza Aprili: mradi wa Ruvuma uko wapi? Akiuliza wa chama kingine tutampongeza kwenye orodha hii hii.

Sasa upande wetu, kwa maana lawama haziwezi kwenda juu tu. Mkutano mkuu wa kijiji ni haki yako kila baada ya miezi mitatu. Chombo cha watumia maji ni mali yenu. Hata hivyo wanachama wetu wengi hawajui mweka hazina wake ni nani, na hawajawahi kuomba kuona kitabu cha mapato na matumizi. Ukifika, usiulize tu salio. Uliza wametenga kiasi gani kwa uchakavu wa pampu. Chombo kinachokusanya na kutumia yote kitaonekana hakina deni hadi siku pampu itakapoungua, halafu mtaanza kupitisha bakuli.

*Kazi za wiki hii*

Kila balozi wa shina apite kwenye vituo vya maji vya eneo lake, ahesabu vinavyotoa na visivyotoa, na aandike bei ya dumu siku hiyo. Anipatie orodha kabla ya tarehe 15, kwa karatasi au ujumbe wa sauti, yoyote inafaa.

Mwenye risiti au ankara ya maji ambayo haielewi ailete, tutaipitia pamoja bila malipo. Piga picha ili namba ya dira isomeke, na usiiweke kwenye kundi la wazi, nitumie mimi binafsi.

Siku ya kilele tutakwenda kwenye maadhimisho kama wananchi wengine, kwa utulivu, bila sare. Tumeteua mama mmoja na kijana mmoja wa kuuliza maswali mawili tu: la shilingi 50 na la mradi wa Ruvuma. Wengine msiwakatishe. Majibu yatarekodiwa na kusambazwa hapa neno kwa neno.

Kikao cha kupitia orodha za vituo ni Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, saa 10 jioni, mahali petu pa siku zote. Mje na maji yenu ya kunywa, maana hapo pia hayatoki.

Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi
(Sambaza kwa makundi ya mashina. Usikate, usiongeze.)